Wanaorudia Dawa, na Wale Tusiowaona

Kuna kauli inayonifuata kila ninapozungumzia kazi yangu ya utafiti wa kuwafuatilia waraibu kwa miaka mingi, nayo ni kwamba matibabu ya uraibu hayasaidii kwa sababu karibu wagonjwa wote hurudia dawa za kulevya. Wanaisema wanasiasa wanaotaka kupunguza bajeti, wanaisema jamaa waliokwisha kata tamaa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaisema pia washauri nasaha na wauguzi walioko vituoni kila siku. Nikiwauliza wamejuaje, jibu huwa moja: tunawaona kwa macho yetu. Ni kweli wanawaona, na sina sababu ya kuyatilia shaka macho ya mtu yeyote. Shida ni nani anayeweza kuonekana na mtu aliyeketi pale walipoketi wao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 100 wanaanza matibabu mwaka mmoja katika kituo kimoja. Kati yao 70 wanakaa mwezi mmoja, wanaondoka, na hawarudi tena. Waliobaki 30 wanarudi kila mwaka kwa miaka 10, mwezi mmoja kila mara. Ukihesabu watu, asilimia 70 hawakurudi kituoni. Ukihesabu mahudhurio, kundi la kwanza lina 70 na kundi la pili lina 300, kwa hiyo zaidi ya asilimia 80 ya nyakati zote ambazo mshauri amekaa na mgonjwa, amekaa na mmoja wa wale 30. Anayajua majina yao, ya watoto wao, na anazijua ahadi zao zote. Wale 70 amewasahau, na hakuna anayeweza kumlaumu. Watafiti Patricia Cohen na Jacob Cohen waliueleza mtego huu mwaka 1984: mtabibu hukutana na wale walio wagonjwa kwa sasa, na miongoni mwao wenye ugonjwa wa muda mrefu hujaa kupita idadi yao halisi, ilhali mwenendo wa ugonjwa hujulikana kwa kuwatazama wote waliowahi kuupata. Inasikitisha kwamba somo lenye umri wa miongo minne bado linawashangaza watu walio ndani ya fani.

Kuna data za upande huo mwingine. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 2001 na 2002 uliwahoji watu wazima zaidi ya 43,000, na Deborah Dawson pamoja na wenzake wakawachambua wale ambao utegemezi wao wa pombe ulianza kabla ya mwaka uliotangulia mahojiano. Robo tu kati yao walikuwa bado tegemezi katika mwaka huo. Zaidi ya hayo, ni takriban robo tu waliowahi kupata matibabu ya aina yoyote maishani. Maana yake ni kwamba robo tatu ya watu hawa hawakuwahi kukanyaga mahali ambapo mshauri wetu angewaona, wawe wamepona au hawajapona.

Kabla hamjaniandikia, pingamizi naijua: waliokufa hawafungui mlango mhoji anapobisha hodi, na katika mfano wangu pia, wale 70 wasiorudi kituoni si lazima wawe wamepona. Pingamizi hiyo ni ya haki kabisa, na ndiyo sababu utafiti wa kufuatilia watu kwa muda mrefu upo.

Wengi wanaotaja kiwango cha kurudia dawa hawajui kwamba wanarudia matokeo ya zamani sana. Hospitali ya shirikisho la Marekani iliyokuwa Lexington, Kentucky, ilifunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya waraibu, na wagonjwa wa New York zaidi ya 1,900 walioruhusiwa kutoka huko kati ya 1952 na 1955 walifuatiliwa. Zaidi ya asilimia 90 walirudia dawa, wengi wao ndani ya miezi sita. Takwimu hiyo ndiyo iliyojenga imani ninayoilalamikia. Lakini George Vaillant alichukua wanaume 100 wa New York waliolazwa Lexington mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawafuatilia kwa miaka 20, na mwishoni zaidi ya theluthi moja walikuwa wameacha dawa kwa uthabiti, huku takriban robo wakiwa wamefariki. Matokeo yote mawili ni sahihi na hayagongani hata kidogo. Mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amerudia dawa mwaka 1954 na akahesabiwa kuwa ameacha mwaka 1970, na ni mtu yule yule. Anayepima mara moja, miezi sita baada ya mgonjwa kutoka wodini, ameukata uzi wa maisha yake mahali alipochagua yeye mtafiti, kisha anaieleza ncha iliyokatwa kana kwamba ndio mwisho.

Sasa niwageukie wasiopatikana, kwa sababu hapa ndipo tafiti nyingi huharibika bila msomaji kugundua. Yih-Ing Hser na wenzake waliripoti mwaka 2001 hali ya wanaume 581 waliokuwa wamepelekwa katika mpango wa lazima wa matibabu ya heroini huko California kati ya 1962 na 1964. Miaka 33 baadaye, 284 walikuwa wamekufa na 242 walihojiwa. Kati ya waliohojiwa, takriban mmoja kati ya watano alikutwa na heroini kwenye mkojo. Mtu mwenye haraka atasoma kwamba wanne kati ya watano wako safi. Hapana. Kwanza, karibu nusu ya kundi zima iko makaburini. Pili, baadhi ya waliohojiwa walikataa kutoa mkojo na wengine walikuwa gerezani. Timu ya Hser iliyaandika haya yote waziwazi, jambo ambalo naliheshimu. Wanaonikera ni wakuu wa vituo wanaotangaza kwamba asilimia 90 ya wahitimu wao wameacha dawa, kumbe waliwapigia simu waliomaliza programu pekee, wakawahesabu waliopokea pekee. Huko ni kukosea upande wa pili kwa njia ile ile ya wale wanaosema wote hurudia.

Kumpata mtu baada ya miaka mitano ni ufundi ambao vitabu vya mbinu za utafiti huupa aya moja. Kazi huanza siku ya kwanza, kabla ya swali lolote kuhusu dawa. Tunaandika majina yote anayoitwa, pamoja na yale ya mtaani. Tunaandika mama, shangazi, dada, mzazi mwenzake, kinyozi wake. Tunauliza hulala wapi akikosa pa kulala. Swali ambalo limenisaidia kuliko yote ni hili: ukiwa umegombana na kila mtu, nani bado huwa anajua ulipo? Wengi hunyamaza kidogo, kisha humtaja mtu mmoja, na mara nyingi ni bibi. Namba tunazopewa tunazijaribu siku chache baadaye, si mwaka mmoja baadaye. Ujumbe unaoachwa kwa shangazi haupaswi kudokeza neno lolote kuhusu dawa, na bahasha haina jina la mradi, kwa sababu utafiti unaofichua siri ya mtu umemdhuru hata kama takwimu zake ni nzuri. Christy Scott na Michael Dennis, waliofanya kazi na waraibu wa Chicago kwa miaka mingi, walionyesha kwamba inawezekana kuwapata tena zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo ninaposoma ripoti iliyompoteza kila mshiriki wa pili na mwandishi akadai kwamba watu hawa hawafuatiliki, najua bajeti ya kuwatafuta haikutengwa.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ya tatizo hili ni rahisi: kila asiyepatikana ahesabiwe kuwa anatumia. Desturi hiyo imezoeleka katika majaribio ya kuacha sigara, na inaonekana kuwa kali na yenye uadilifu. Hebu tuipime. Makundi mawili ya watu 100 yanalinganishwa. La kwanza limepoteza 10, la pili limepoteza 30, labda kwa sababu tu msaidizi wa kundi la kwanza alikuwa hodari zaidi wa kutafuta watu. Waliopatikana, nusu wako safi katika kila kundi: 45 kati ya 90, na 35 kati ya 70. Matibabu hayana tofauti yoyote. Tumia kanuni ile, na ghafla kundi la kwanza lina asilimia 45 na la pili lina 35, tofauti ya pointi 10 iliyozaliwa na miguu ya msaidizi. Ukali si sawa na usahihi. Isitoshe, miongoni mwa wasiopatikana wamo walio hoi kabisa na wamo pia waliopona wasiotaka kukumbushwa, na uwiano wao hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Tunaweza kufanya makadirio kwa njia kadhaa na kuonyesha jinsi hitimisho linavyoyumba. Mbali na hapo tunabahatisha, na afadhali tuseme hivyo.

Kuhusu kipimo chenyewe nitakuwa mfupi. Mkojo huonyesha heroini ya siku mbili tatu zilizopita, kwa hiyo kipimo kimoja kwa mwaka ni dirisha dogo mno. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na huhifadhi historia ndefu zaidi, ila hazitofautishi vizuri siku moja na nyingine. Kilichobaki ni kumuuliza mwenyewe, na hapo wengi huguna kwamba waraibu ni waongo. Uongo hutegemea kinachoweza kumpata anayesema kweli: mtu anayeweza kurudishwa gerezani kwa jibu lake atasema uongo, awe mraibu au asiwe. Mbinu ya kalenda iliyobuniwa na Linda Sobell na Mark Sobell inasaidia. Unaiweka kalenda mezani, unaanza na mambo ambayo hayana uhusiano na dawa, msiba, sikukuu, siku aliyolipwa, wiki aliyolazwa, kisha kutoka nguzo hizo mnajaza siku zilizo katikati. Nimeona mtu aliyesema kwamba mwezi wa nne alikuwa akitumia kila siku akasita, akaweka kidole kwenye tarehe ya mazishi ya kaka yake, na akakumbuka kwamba baada ya hapo alikaa siku 11 bila kugusa kitu, pamoja na arosto yake yote, yaani mateso ya mwili unaodai dawa. Dodoso la kawaida lisingezipata siku hizo 11.

Ukishakuwa na kalenda za miaka mingi, swali la nani kapona na nani kashindwa linapoteza maana. Unachokiona ni mapito: kutoka matumizi kwenda matibabu, kutoka matibabu kwenda gerezani, kutoka gerezani kwenda ahueni, na kurudi. Dennis na Scott walikuta kwamba kati ya walioacha kwa muda usiofika mwaka, takriban theluthi moja tu waliendelea hivyo mwaka uliofuata, ilhali kwa waliofikisha miaka mitatu au zaidi kiwango kilifika karibu asilimia 86. Kwa hiyo kumwambia mtu aliyeacha miezi minne iliyopita kwamba amepona ni mapema, na kumtazama aliyeacha miaka sita iliyopita kama bomu linalosubiri kulipuka ni dhuluma.

Nina mashaka yangu pia. La kwanza ni sababu. Watu huja kutibiwa wakiwa katika hali mbaya kuliko zote, na aliye chini kabisa ana nafasi kubwa ya kupanda hata bila msaada, hivyo kulinganisha kabla na baada pekee huyapendelea matibabu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni, dawa inayotolewa na tabibu badala ya heroini, ulikuta vifo 11.3 kwa kila miaka-watu 1,000 (sawa na watu 1,000 wakifuatiliwa mwaka mmoja) wakiwa ndani ya matibabu, na 36.1 wakiwa nje. Naamini methadoni huokoa maisha. Hata hivyo mtu hatoki kwenye matibabu kwa kura ya bahati. Wengine hutoka kwa sababu mambo yamekwisha haribika, na sehemu ya tofauti ile ni ya kuharibika huko. Sehemu kubwa kiasi gani, ufuatiliaji pekee hautoshi kusema, na jaribio la miaka mingi la kuwanyima watu methadoni kwa kura haliwezi kuwa halali kimaadili.

Shaka la pili hunisumbua zaidi. Mtu anayehojiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka, na mtu yule yule anayemtafuta hata akihama, je, tunamwangalia tu au tayari tunambadilisha? Scott na Dennis walilichukua jambo hili kwa makusudi wakalifanya huduma: kila baada ya miezi mitatu mshiriki alipimwa hali yake, na akionekana kuzama alisaidiwa kurejea kwenye matibabu papo hapo. Waliopata huduma hiyo walirudi kwenye matibabu mapema kuliko kundi la kulinganishia. Lakini kundi hilo nalo lilihojiwa kila baada ya miezi mitatu, maana pasipo kuhojiwa wasingekuwa na data zake, na kwa sababu hiyo jaribio hilo haliwezi kutuambia mahojiano yenyewe yalifanya kazi gani.