Je, Wajua Kwa Nini Asiye na Gari Hulipia Egesho la Gari?

Ukipanga chumba kimoja Pipeline, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, mara nyingi utapewa futi kumi kwa kumi. Kitanda kinaingia, meza ndogo inaingia, meko ya gesi inakaa pembeni na mitungi ya maji inapangwa ukutani. Kwa vipimo vya mita, chumba hicho kina kama mita za mraba 9.3. Sasa vuka mji hadi Kilimani utazame ramani ya fleti mpya. Egesho la gari moja huchorwa kwa upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Gari lililozimwa usiku linapewa nafasi kubwa kuliko ile anayolala baba, mama na mtoto wao.

Na hizo 12.5 ni za kusimama tu. Gari linahitaji njia ya kuingilia, mteremko wa kushukia chini ya ardhi, nafasi ya kupiga kona na ya kurudi nyuma. Ukijumlisha yote, egesho moja hula mita za mraba 25 hadi 30 za jengo. Nafasi hiyo imemwagiwa zege, imewekwa nguzo, imefungwa taa na inalindwa na askari wa getini. Kuna mtu anailipia, na mara nyingi si mwenye gari peke yake.

Tufanye hesabu. Tuseme kuna ploti ya nusu eka, kama zile za bangaloo za zamani za Kilimani zinazobomolewa kila uchao. Nusu eka ni takribani mita za mraba 2,000. Mwenye ploti anataka kujenga fleti 60 za vyumba viwili vya kulala, na kila moja iwe na mita 70. Kila fleti ikitakiwa kuwa na egesho moja la mita 28, maegesho peke yake yatachukua mita 1,680, karibu ploti nzima. Yakitakiwa mawili kwa kila fleti, ni mita 3,360, na hapo hakuna ujanja: lazima achimbe ghorofa mbili chini ya ardhi. Kwa kila mita 70 za kuishi watu amejenga mita 56 za kulaza magari. Karibu nusu ya jengo si nyumba.

Kuchimba chini nako si kazi ya jembe. Kuna kuvunja mwamba, kuna kuta nene za kuzuia udongo usiporomoke, kuna pampu za kutoa maji ya mvua, kuna mitambo ya kuvuta moshi. Benki iliyokopesha pesa haibagui. Inataka mkopo urudi wote, wa vyumba na wa maegesho, na pesa hizo zinatoka kwenye kodi ya nyumba ya kila mwezi. Mwalimu anayepanda matatu kwenda kazini, anayeishi ghorofa ya saba na hajawahi kuwa na gari maishani, analipa sehemu yake kila mwezi. Mkataba wake hauna mstari wowote unaosema hivyo. Umeandikwa kodi tu. Ni sawa na mkahawa unaomtoza kila mteja bei ya soda ndani ya bei ya wali, anywe asinywe.

Basi sharti hili la kila jengo kuwa na idadi fulani ya maegesho lilitoka wapi? Mji unaotajwa kuwa wa kwanza kulazimisha wajenzi wa nyumba za ghorofa kuweka maegesho ni Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1923. Magari yalikuwa yamejaa kando ya barabara, na wakuu wa mji wakaona jawabu rahisi: kila anayejenga aje na maegesho yake. Miji mingine ikafuata. Baadaye kila kitu kikapangiwa idadi yake: hospitali, kanisa, ukumbi wa sinema, hadi kinyozi.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kuliko wengi ni Donald Shoup, profesa wa mipango ya miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzoni: idadi hizi zilipatikanaje? Aligundua kwamba mara nyingi mji mmoja ulinakili kutoka kwa mji mwingine. Na pale palipofanyika hesabu, wataalamu walikuwa wamekwenda kuhesabu magari kwenye vitongoji vya Marekani ambako kuegesha ni bure na basi hakuna, tena saa ile ambayo magari ni mengi kuliko zote, kisha wakaandika kwamba hayo ndiyo mahitaji. Kwa njia hiyo, desturi ya watu wanaoendesha gari hata kwenda kununua mkate ikageuka kipimo cha miji ya watu wengine.

Kenya nayo ina viwango vyake vya mipango vinavyotaja maegesho kulingana na aina ya jengo. Lakini Nairobi si kitongoji cha Los Angeles. Kwa ujumla, karibu watu wawili kati ya kila watano Nairobi husafiri kwa miguu, wengine kama hao hupanda matatu, na wanaotumia gari la binafsi hawafiki mmoja kwa kila watano. Kupanga mji mzima kwa kumfikiria huyo mmoja ni uamuzi, na mimi nauona ni uamuzi usio wa haki. Haukushuka kutoka mbinguni. Ulipitishwa ofisini, na ofisini unaweza kubadilishwa.

Hapo mtu atasema: sawa, kodi inapanda, lakini angalau maegesho yanapunguza msongamano. Magari yakiwa ndani ya ploti, barabara si inabaki wazi?

Usiku, ndiyo. Asubuhi mambo hugeuka. Zile fleti 60 zenye maegesho mawili mawili zimeshachagua wapangaji wake: ni watu wenye magari mawili, maana asiye nayo ataona bei na kwenda kutafuta kwingine. Ikifika saa moja asubuhi, geti moja linatema magari kwenye barabara ileile ya Argwings Kodhek ambako majengo mengine yanatema ya kwao. Barabara haikuongezwa hata futi moja wakati ramani za majengo hayo zilipokuwa zikipitishwa. Na kila gari linalotoka linakwenda kutafuta egesho la pili huko liendako. Gari moja halitosheki na egesho moja: linataka la nyumbani, la kazini, la sokoni na la kanisani, na wakati wowote yote hubaki tupu isipokuwa moja.

Katikati ya Nairobi kuna jambo jingine ambalo wengi tumelizoea hata hatulioni. Ada ya kuegesha kando ya barabara imetozwa kwa siku, si kwa saa. Mwaka 2013 kaunti ilipoipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300, watu walikwenda mahakamani, na siku za baadaye ikashuka hadi 200. Mjadala wote ulikuwa wa kiasi. Muundo wenyewe haukupewa uzito huohuo, nao ndio wenye madhara. Aliyelipia siku nzima hana sababu ya kuondoa gari lake. Anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, analiacha mpaka jioni, na dukani pale mbele mteja anayetaka dakika kumi tu hapati pa kusimama. Anazunguka. Anazunguka tena. Anasimama katikati ya barabara na kuwasha taa za dharura, na nyuma yake matatu zinapiga honi.

Shoup alipima mzunguko huo huko Westwood, mtaa mdogo wa maduka karibu na chuo chake. Dereva alitumia wastani wa dakika 3.3 kutafuta egesho. Inaonekana kitu kidogo. Lakini ukiwajumlisha madereva wote kwa mwaka mzima, magari yalikuwa yanatembea zaidi ya kilomita milioni 1.5 ndani ya mtaa huo mmoja bila kwenda popote. Sehemu ya foleni unayoiona mjini ni watu waliokwisha fika.

Ndiyo maana kupanua barabara peke yake hakutibu. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane katika sehemu kubwa, na ilileta nafuu ya kweli. Kisha nyumba zikaota kandokando yake kutoka Roysambu hadi Ruiru na kuendelea, wenye uwezo wakanunua magari kwa kuwa njia ilikuwa nzuri, na leo anayeingia mjini asubuhi kupitia Pangani anajua anakutana na nini. Nafasi ya gari huvuta gari, iwe ni lami au zege la chini ya fleti.

Kinachonisikitisha zaidi ni namna wenyeji wa mtaa wanavyonaswa. Fleti mpya ikitangazwa, majirani hukutana na kulalamika, na wana haki: maji hayatoshi, mabomba ya majitaka yanafurika, jua linazibwa. Halafu likija suala la msongamano, dai la kwanza huwa kwamba mwenye jengo aongeze maegesho. Kaunti inakubali kwa furaha kwa sababu dai hilo haliigharimu kitu. Mwenye jengo anakubali kwa sababu atalipisha wapangaji. Na majirani wanarudi nyumbani wakidhani wameshinda, kumbe wameagiza magari zaidi yapite mbele ya mageti yao.

Je, kuna mji uliogeuza mambo? Ipo kadhaa. London ilifuta sharti la idadi ya chini mwaka 2004, ikaweka kikomo cha juu badala yake. Watafiti walipohesabu, maegesho katika majengo mapya ya makazi yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa 1.1 kwa kila nyumba hadi 0.63. Maana yake ni kwamba wajenzi walikuwa wakijenga mengi kwa kushurutishwa, si kwa sababu wanunuzi waliyataka yote. Mji wa Mexico ulifanya vivyo hivyo mwaka 2017, baada ya kuonekana kwamba karibu asilimia 40 ya eneo lililojengwa katika miradi mikubwa ya karibuni lilikuwa la maegesho. Angalia tena hesabu yetu ya Kilimani uone jinsi tulivyo karibu nao.

Tokyo ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa imehamisha mzigo. Tangu sheria ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari huko huonyesha kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha, si mbali zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwake, na polisi huthibitisha. Kuacha gari barabarani usiku kucha hairuhusiwi. Nyumba ndogo za ghorofa hazilazimishwi kujenga maegesho. Mwenye gari ndiye anayetafuta na kulipia, na asiye na gari anapanga chumba chake bila mzigo huo. Hii haikuwazuia Wajapani kuwa watengenezaji wakubwa wa magari duniani.

Sisemi kaunti ifute maegesho kesho asubuhi halafu ikae. Ukifuta sharti bila kusimamia kingo za barabara, magari yatapanda njia za waenda kwa miguu, na hao ndio wengi na ndio wanaoumia tayari. Watu wenye ulemavu wanahitaji nafasi karibu na mlango. Gari la kuleta mizigo linahitaji pa kusimama. Tena Pipeline yenyewe ni onyo. Pale majumba marefu yalijengwa bila maegesho na pia bila mpango wowote, ukuta kwa ukuta, hadi ghorofa za chini zinawasha taa saa sita mchana, na vichochoro vingine gari la zimamoto haliwezi kupenya. Kukosa maegesho hakukuwapa watu wa Pipeline hewa wala mwanga. Nafasi iliyookolewa iliingia kwenye vyumba zaidi vya kupangisha. Mji unahitaji sheria kali juu ya mwanga, ngazi za dharura, maji na upana wa njia, na ulegee kwenye idadi ya magari.

Hatua iliyo rahisi kuliko zote haihitaji hata sheria kubwa: egesho lipangishwe peke yake. Fleti iwe na bei yake, egesho liwe na bei yake, na mpangaji achague. Baadhi ya majengo ya Nairobi tayari hutoza egesho la ziada kando. Linaloshindikana ni kufanya hivyo kwa lile la kwanza. Hatua ya pili ni kutoza maegesho ya katikati ya mji kwa saa, yawe ghali pale panapogombewa na rahisi pale penye nafasi, na pesa zirudi kwenye njia za miguu na vituo vya matatu vya mtaa huohuo ili watu waone zilikokwenda.

Kuhusu mahali pa kuanzia, Kenya ina mlango ambao wengi huupita bila kuubisha. Ploti ya nyumba moja ikitaka kugeuzwa kuwa ya fleti, mwenye ploti hutakiwa kutoa tangazo, na utaliona kwenye gazeti na kwenye ubao uliosimamishwa pale pale kwenye ua. Kwa kawaida huwapa watu siku 14 kupeleka maoni au pingamizi kwa kaunti. Andika kwa jina lako. Uliza fleti ni ngapi na maegesho ni mangapi kwa kila moja. Uliza kama mpangaji asiye na gari atapunguziwa kodi. Uliza njia ya miguu mbele ya jengo itakuwa na upana gani, na matatu itasimama wapi.