"Yule wa Mochwari": Tunavyomkosea Daktari wa Patholojia na Limfoma

Hapa Mtwara ukitaja daktari wa patholojia, watu hushusha sauti: "Aa, yule wa mochwari." Niko maabara miaka mingi na kauli hiyo bado inanikera. Kuchunguza maiti ni kazi yake, sawa, lakini muda mwingi kainamia hadubini, anasoma vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa mwilini, vya watu walio hai, wengine wako kwenye benchi hapo nje. Asipotaja yeye jina la ugonjwa, daktari wa wodini atabaki kubahatisha dawa.

Chukua limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Mara nyingi hujitokeza kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena, ile mitoki tunayoijua. Kauli ninazozisikia kuihusu ni hizi.

"Tezi shingoni ni TB tu." Mara nyingi ni TB kweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Homa, jasho la usiku na kukonda viko kwenye magonjwa yote mawili. Mtu anameza dawa za TB miezi kadhaa, tezi inazidi kukua, na hakuna aliyetuma kinyama kipimwe.

"Kisu kikigusa, saratani inasambaa." Si kweli. Kinachosambaza ugonjwa ni kukaa nao. Tena kwa limfoma kufyonza chembe kwa sindano peke yake mara nyingi hakutoshi. Daktari anataka tezi nzima ikiwezekana, aone chembe zilivyojipanga. Ila na sisi watoa huduma tuna makosa yetu. Niliwahi kupokea tezi iliyosukumizwa kwenye chupa ya dawa yenye mdomo mwembamba. Iliingia ikiwa laini, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, ikaikaza, ikagoma kutoka. Tuliivunja chupa.

"Taya la mtoto limevimba, ni jino, au karogwa." Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wa namna hiyo hospitali ya Mulago, Kampala. Alipofuatilia uvimbe huo unakopatikana, ramani ikaangukia nyanda za joto na mvua zenye malaria nyingi, na pwani kama yetu imo. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na aliyekaa akimsikiliza alikuwa mwanapatholojia, Anthony Epstein. Akaomba atumiwe vinyama kutoka Kampala. Miaka miwili akatafuta, asione kitu. Mwishoni mwa 1963 ukungu ukaifanya ndege ikatue Manchester, sampuli ikachelewa, maji yake yakawa yamechafuka. Mwingine angesema imeoza, akamwaga. Yeye akaweka tone kwenye hadubini, akakuta chembe za saratani zinaelea, ziko hai. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ndani ya chembe hizo, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Usimtenge mtoto kwa ajili hiyo. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, karibu sote tunavyo, na saratani yenyewe haiambukizi. Uvimbe huo wa taya, uitwao limfoma ya Burkitt, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini kasi hiyohiyo huufanya upigwe vizuri na dawa. Watoto wengi hupona wakiwahishwa.

"Limfoma ni moja, dawa ni moja." Aina zake zinazidi 60. Mwanapatholojia huongeza rangi maalumu kutafuta alama zilizo juu ya chembe, kama ile iitwayo CD20. Chembe zikiwa nayo, dawa ya rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ina pa kushika. Zisipokuwa nayo, umenunua dawa ya bei kubwa bure.

"Majibu yakichelewa, wamepoteza kinyama." Hutokea, sikatai. Lakini kinyama hulala kwenye fomalini, kikaushwe maji, kigandishwe kwenye nta, kikatwe vipande vyembamba kuliko unywele, ndipo kipakwe rangi.

Mzee mmoja wa Tandahimba alinibana: "Mwanangu, malaria robo saa tu, hii wiki ya pili?" Nikamwomba ruhusa daktari, nikamkalisha babu mbele ya hadubini. Akatazama waridi na zambarau ya tezi yake mwenyewe, kimya, muda mrefu.

"Kumbe ndani mie kitenge," akasema, akarudi kwenye benchi kusubiri.