Noti zilizomponyoka Schnabel

Wengi wakimsikiliza mpiga piano Artur Schnabel katika sonata 32, yaani tungo za piano, za mtunzi Beethoven, alizorekodi London kati ya 1932 na 1935, husema hakuwa fundi: mbona vidole vinateleza? Si kweli. Wakati huo hapakuwa na utepe wa kurekodia wa kukata na kuunga. Santuri ilibeba dakika nne hivi kila upande. Ukikosea, unarudia upande mzima. Sikiliza Hammerklavier, mojawapo ya sonata hizo, inavyoanza: anaifukuzia kasi aliyoiandika Beethoven mwenyewe, mapigo 138 kwa dakika, ambayo wapiga piano wengi huikwepa. Noti zinamponyoka, ndiyo, lakini wazo la muziki halikatiki hata mara moja. Mimi naipenda kuliko rekodi nyingi safi za leo, zilizoungwa vipande kwa vipande.