Sungura jitu ni yupi hasa?

Rafiki yangu mmoja wa Isevya, hapa Tabora, alinipigia simu Septemba iliyopita: amepata jitu. Nikaenda. Nikamkuta sungura mweupe, macho mekundu, amenona hasa, kajilaza chini ya mwembe. Tukamtia kikapuni tukampeleka kwa muuza dagaa mwenye mizani. Kilo nne na robo. Aliyemuuza alikuwa ameapa kwamba ana mwaka mzima. Nikamwambia, "Ndugu yangu, umenunua sungura mzuri, ila jitu siye." Alininunia siku mbili.

Hakuwa na kosa, neno lenyewe ndilo linalochanganya. Katika maneno yetu ya kila siku, jitu ni chochote kilichopita kiasi, tena mara nyingi lina dharau ndani yake. Ukimwita sungura mnene jitu, Kiswahili chako ni safi. Ila kwa watu wanaofuga sungura wa maonyesho, jitu ni jina la mbegu: ukoo uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa mwili na ukubwa wa mifupa. Sungura wa kawaida hata umshindilie pumba mwaka mzima, atapata kitambi tu.

Mbegu inayojulikana zaidi ni Flemish Giant, iliyotokea Flanders, Ubelgiji, upande wa mji wa Ghent. Habari zake za kuaminika zinaanzia karibu mwaka 1860, na sifa zake ziliandikwa rasmi mara ya kwanza mwaka 1893. Uandishi huo ndio uliogeuza "sungura mkubwa" kuwa kitu kinachoweza kupimwa na kubishaniwa. Kwa kanuni za Marekani, dume aliyekomaa asipungue pauni 13, kama kilo 5.9, na jike pauni 14, kama kilo 6.4. Ndiyo, jike ndiye mzito zaidi. Kikomo cha juu hakuna. Kukomaa maana yake ni kupita miezi 8, na hapo bado anaendelea kujaza mwili. Rangi zinazokubaliwa ni saba; ukileta ya nane, uzito hautakuokoa.

Wapo pia Continental Giant. Mmoja wao, Darius wa Uingereza, alipimwa mwaka 2010 akakutwa na urefu wa sentimita 129. Mlaze mtoto wa darasa la kwanza sakafuni, kisha mlaze Darius ubavuni pake: sungura anamzidi.

Maonyesho yenyewe si kama Nane Nane yetu pale Ipuli, ambako watu hupita, hushangaa, hupiga picha na kuondoka. Kule Marekani sungura huwekwa mezani mbele ya mwamuzi. Mwamuzi humpapasa mgongo akitafuta upinde unaoanzia nyuma ya mabega, hupima unene wa mfupa wa mguu wa mbele, humpindua kuangalia meno, kucha na jinsia. Kila sungura ana alama yake: Marekani huchorwa namba ndani ya sikio la kushoto, Uingereza huvishwa pete mguu wa nyuma. Jike mkubwa huwa na mkunjo wa ngozi chini ya kidevu kama shali, nao si kasoro ukiwa umekaa sawa.

Kuna wanaodai majitu hupatikana kwa kupandisha sungura wa banda na wa porini, yule anayekatiza mbele ya taa za gari ukielekea Sikonge. Haiwezekani. Tunawaita wote sungura, lakini wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na wa banda huzaa watoto uchi wasioona. Ni wanyama wawili tofauti na hawapati mtoto pamoja.

Kumfuga Tabora kunawezekana, ila Septemba na Oktoba zitakupima. Sungura hapunguzi joto kwa jasho kama sisi. Hulitoa zaidi kwa masikio, na kadiri mwili ulivyo mkubwa ndivyo joto linavyochelewa kutoka. Banda liwe kivulini, upepo upite, na mchana umwekee chupa ya maji yaliyoganda ajiegemeze. Sakafu ya waya mtupu haimfai, kwa kuwa uzito wake wote unashukia nyayo na vidonda havikawii. Tandika ubao au nyasi kavu. Nyasi ndizo chakula chake kikuu, matembele yanafuata. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, msimpe, hata akiililia: wanga mwingi huvuruga tumbo lake. Majani ya mparachichi ni sumu kwake.

Na asiinuliwe kwa masikio, jambo ninaloliona sokoni kila wiki. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio. Jitu likipiga teke hewani bila kushikiliwa nyuma, linaweza kujivunja uti wa mgongo.

Rafiki yangu sasa ametengewa sungura mwingine, mtoto bado, naye pia anaitwa jitu. Safari hii, kabla ya kutoa pesa, amemwomba muuzaji ampandishe mama wa sungura huyo kwenye mizani.