Muziki wa ala ni nini, na unasikilizwaje?

Muziki wa ala ni ule ambao kazi yote inafanywa na vyombo: gitaa, tarumbeta, fidla, kinanda, ngoma. Haumo ubeti wala kiitikio cha kuimba. Sauti za watu zikisikika kwa mbali bila maneno, wengi bado huuhesabu humo.

Usiuchanganye na biti. Biti hutengenezwa studio ikimsubiri msanii, na prodyuza huacha nafasi katikati makusudi, ndiyo maana ikipigwa yenyewe inachosha mapema. Muziki wa ala haumsubiri mtu. Mahadhi yamekwisha kukabidhiwa chombo, nacho kinayabeba mpaka mwisho.

Hapa Mwanza huendi mbali kuupata. Msafara wa harusi ukishuka mjini kwenda kupiga picha ziwani, upande wa Jiwe la Bismarck, gari la mbele mara nyingi limebeba matarumbeta. Wanapiga wimbo unaovuma, au pambio la kanisani, na ndani ya gari hakuna anayeimba. Wanaoimba ni machinga na bodaboda wa pembeni, maneno yote. Mtazame yule anayeongoza. Anavuta pumzi palepale mwimbaji alipovuta, na silabi iliyorefushwa anaiminya kwa midomo hadi sauti inapinda kidogo. Tarumbeta kubwa la chini linashika nafasi ya gitaa la besi. Wakifika ubeti wa pili, hawaurudii kama wa kwanza: mmoja anapanda juu, mwingine anamjibu, ngoma zinaongeza mwendo.

Huko ndiko kurudia wimbo kwa ubunifu. Kuiga noti kwa noti nako ni ufundi, ila mimi navutiwa zaidi na anayeufanya wimbo niliouzoea useme jambo jipya. Mwaka 1996 kundi la Apocalyptica, wanamuziki wanne wa Finland, lilitoa albamu ya nyimbo za Metallica, bendi ya Marekani yenye magitaa makali ya umeme. Walitumia selo nne tu, yaani fidla kubwa zinazopigwa mtu akiwa ameketi. Ule ukali umegeuka mkwaruzo wa upinde kwenye nyuzi. Wimbo unautambua, lakini huzuni iliyokuwa chini ya kelele sasa iko juu.

Muziki wa filamu nao una kazi yake. Katika Jaws ya mwaka 1975, filamu ya samaki papa anayeshambulia waogeleaji, mtunzi John Williams alimpa papa huyo noti mbili za muziki zinazopakana, zikirudiwa polepole kisha mbiombio. Papa mwenyewe hajaonekana, lakini moyo umeshaanza kwenda mbio. Kuna mahali watoto wawili wanawatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, na hapo muziki haupo kabisa. Yaani noti zile zinamtangaza papa wa kweli tu, na mtazamaji makini anaweza kuzitegemea kuliko macho yake.

Wanaosema Mwafrika hasikilizi muziki usio na maneno wasahihishwe. Mwaka 1968 Hugh Masekela wa Afrika Kusini alishika namba moja Marekani kwa Grazing in the Grass, tarumbeta likiongoza, bila mwimbaji. Taarabu ya Zanzibar ina bashrafu, kipande cha ala ambacho kwa desturi hufungua onyesho. Na kwenye rumba, waimbaji wakinyamaza sebene ikaingia, ndipo ukumbi unapoinuka.

Kama hujazoea, anzia kwenye sebene. Chagua gitaa moja, tuseme la ridimu ambalo watu hulisahau kwa kumshangilia wa solo, ulifuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Rudia, safari hii na besi. Sikiliza ni nani anabadilika na nani anashikilia palepale. Ukishaweza hivyo, bashrafu haitakusumbua, wala selo nne za Finland.