Likizo sawa ya uzazi ni nini?

Ni utaratibu unaompa kila mzazi, baba na mama, muda uleule wa kukaa nyumbani na mtoto aliyezaliwa, huku akilipwa na kazi yake ikilindwa. Mama hapunguziwi siku zake. Baba ndiye anayeongezewa.

Tanzania bado tuko mbali na hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke akijifungua kwa upasuaji, siku hizo zinaweza kuishia kwenye korido za wodi: baba asubuhi kaleta chupa ya uji na khanga safi, jioni karudi na supu. Siku ambayo mke anaruhusiwa kwenda nyumbani na mshono mbichi, mume anatakiwa kazini. Kenya kuna nafuu kidogo, wiki 2 kwa baba na miezi 3 kwa mama.

Wengi hulichukulia hili kama jambo la nyumbani. Kwangu ni jambo la ajira kwanza. Mwajiri akiwa na waombaji wawili wenye sifa zilezile, anajua fika nani atakayekosekana ofisini karibu miezi 3. Ndiyo maana binti kwenye usaili huulizwa kama ameolewa na anatarajia kuzaa lini, maswali ambayo kaka yake haulizwi. Baba naye akiwa na miezi yake, hesabu hiyo ya mwajiri inavurugika.

Ila siku zikiachwa wazazi wagawane wenyewe, mambo hayabadiliki sana. Uswidi ilifungua likizo kwa wazazi wote wawili mwaka 1974, na kwa miaka mingi wanawake ndio walioitumia karibu yote. Mwaka 1995 ikatengwa sehemu ya mwezi mmoja kwa kila mzazi: baba asipoichukua, inapotea. Leo sehemu hiyo ni siku 90. Hispania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 ilifikisha wiki 16 kwa kila mzazi, kwa malipo kamili, bila ruhusa ya kuhamishiana.

Malipo hayo ya Hispania hutoka hifadhi ya jamii. Hilo ni la msingi, kwa sababu mwenye duka la wafanyakazi watano akiachiwa mzigo wote peke yake, atatafuta namna ya kuikwepa sheria.