Faili la ntds.dit ni nini, na kwanini kopi zake ndo balaa

Kama ofisini kwenu unaingia kompyuta yoyote kwa jina lako na pasiwedi ileile, jua kuna seva mahali inaitwa domeni kontrola, ndo inawajua nyote, na yote inayoyajua yamelala kwenye faili moja tu, ntds.dit, kawaida lipo C:\Windows\NTDS. Ndo daftari la Active Directory hilo, yaani mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za ofisi nzima. Humo mna majina, makundi na hashi za pasiwedi za kila mtu, bosi mpaka yule wa fildi aliyeondoka zamani ila akaunti yake hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Hashi ni pasiwedi iliyosagwa, na unga haurudi kuwa mahindi, sawa, ila kwenye Windows mwizi mara nyingi hata hahitaji mahindi, anaingia na unga huohuo.

Sasa watu wanajipa moyo kwamba seva ikiwa inawaka faili limeshikwa, hulikopi kirahisi. Kweli, ila mwenye haki za adimini anapiga shado kopi, yaani picha ya diski inayopigwa seva ikiwa inawaka, na kulichomoa humo. Na eti limesimbwa, ndio limesimbwa, lakini ufunguo wa kulifungulia upo kwenye rejista ya SYSTEM (sehemu Windows inapotunza mipangilio yake) ya seva hiyohiyo, kwa hiyo bakapu ya seva nzima inabeba kufuli na funguo zake pamoja! Mashine pepe, yaani seva inayoishi kama mafaili ndani ya kompyuta nyingine, ndo usiseme, anayekopi diski yake kaondoka na vyote. Mimi ningeanza kuuliza hard disk za bakapu zinalala wapi kabla ya kununua antivirusi nyingine.

Seva za zamani zina lao. Windows Server 2003 kwa kawaida yake ilitunza pia hashi ya LM, aina ya hashi ya kizamani, inageuza herufi zote kuwa kubwa halafu inaikata pasiwedi vipande viwili vya herufi 7, kuivunja ni kazi ndogo sana. Ukiizima, ya zamani inabaki mpaka mtu abadili pasiwedi, hapa wengi wanasahau. Na masasisho ya 2003 yaliisha Julai 2015, ya kawaida ya Windows Server 2008 Januari 2020.

Kama huwezi kuhama leo, simba bakapu, punguza wenye haki za kuzichukua, na kuanzia Windows Server 2008 washa BitLocker, kisimbaji cha diski nzima cha Windows.

Faili likishaibiwa, badilisha pasiwedi zote, na ya akaunti ya krbtgt (akaunti ya mfumo inayosaini tiketi za watu kuingilia) ibadilishe mara mbili kwa kupishanisha muda, maana inakumbuka na ile iliyotangulia.